Nani Kachinja?

Sokoni, upande wa kuku, hakuna aliyehitaji kuuliza mchinjaji yuko wapi. Walimsikia. Sauti yake ilitoka nyuma ya mabati, nene, ya kukokota kidogo mwishoni, "Bismillahi, Allahu Akbar," na mtu aliyekuwa mbali akichagua vitunguu alijua kuku mmoja ameondoka kwa haki. Wachinjaji wengine hulitaja jina la Mungu kwa kunong'ona, na linatosha. Yeye hakuridhika na la kutosha. Alisema mteja hanunui nyama tu, ananunua na uhakika, na uhakika hauonekani kwa macho, husikika. Ndipo watu wakambatiza jina la Bismillahi, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Mkewe aliitwa Mama Manyoya, kwa sababu hakuna siku aliyorudi nyumbani bila unyoya kwenye mtandio.

Kibanda chao kilikatwa katikati kwa bati. Mbele alikaa mume na matenga ya kuku hai, meza ya saruji, na mafaneli ya bati yaliyopigiliwa ukutani, yale ambamo kuku huingizwa kichwa chini ili atoke damu bila kurukaruka. Nyuma alikaa mke na pipa la maji ya moto, mabeseni na gogo la kukatia. Kuku akimaliza kutoka damu, mume alimpitisha kwenye tundu lililokatwa kwenye bati, mke akampokea, akamtumbukiza kwenye maji, akamnyonyoa. Kwa hiyo Mama Manyoya, katika maisha yote ya kazi hiyo, alikuwa hamwoni mumewe akichinja. Alimsikia. Kwanza sauti. Kisha mbawa zikipiga bati. Kisha kimya. Kisha kuku tunduni, wa moto bado, na mkono wa mumewe ukijitoa haraka kumfuata mwingine.

Mume alikuwa na masharti yake, na hayakuwa ya kupindishwa. Kisu kilinolewa mbali na macho ya kuku. Kuku hakuchinjwa mbele ya mwenzake. Na kuku aliyefia tengani, kibudu, alifungwa miguu papo hapo kwa kamba nyekundu, akatiwa kwenye gunia la mlangoni akisubiri kupelekwa shimoni. Kamba ile aliianzisha mwenyewe siku walipofungua kibanda. Alisema kibudu na kuku mzima hufanana mno kwa mtu mwenye haraka, na haramu huingia nyumbani kwa watu kwa mlango wa haraka.

Nje ya kazi alikuwa mgumu vilevile. Mahali popote alipokaribishwa, sahani ikiwekwa, alikuwa na swali moja: "Nani kachinja?" Aliuliza kwa upole, lakini aliuliza. Kwenye arusi ya binti yake mwenyewe aliwauliza wakwe, na kwa kuwa hakuna aliyejua, alikula mkate na chai huku bakuli la nyama likipoa mbele yake, na bibi arusi akitamani ardhi ipasuke. Muuza mayai wa kibanda cha jirani, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alikuwa akisema huyu akifika peponi atawauliza malaika nani kachinja kabla hajavua viatu. Watu walicheka, halafu walikwenda kununua kuku kwake. Ugumu ule ndio waliokuwa wakiulipia.

Mama Manyoya, yeye, alikuwa mtu wa wasiwasi tangu usichana wake. Hufunga jiko, akatoka, akarudi kulitazama. Hunusa maziwa ambayo yamekamuliwa asubuhi ile ile. Binti yake alimwambia mara nyingi kwamba anatafuta balaa mpaka chini ya kitanda. Balaa lilipokuja kweli halikujificha popote. Lilikuja mchana kweupe, kupitia tunduni.

Alisikia mbawa zikipiga bati, na sauti hakuisikia.

Alikaa na mikono kwenye maji. Kuku alipopita, alimuuliza mumewe kama ametaja. Mume akajibu kwamba ametaja, ila masikio yake yeye yamejaa mvuke. Wakacheka wote wawili. Wiki ile haikutokea tena, na Mama Manyoya akajiambia kwamba ni mvuke.

Lakini lilitokea tena, na likafuatana na mengine. Alimkuta mumewe akikitafuta kisu, na kisu kimo mkononi. Alimsikia akimpa mteja salamu ampelekee dada yake, ambaye walimzika zamani. Binti yao, fundi wa kushona sare za shule aliyekuwa akikaa mtaa wa pili, alikuja jioni moja na kumvuta mama yake kando jikoni.

"Mama, baba ana nini?"

"Ana nini? Uzee tu."

"Uzee gani huo? Kaniuliza mimi nitaolewa lini. Na mjukuu wake amekaa mapajani mwake."

Walimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mstaarabu, hakuficha wala hakutisha. Alisema ubongo wa mzee unazimika polepole, kama nyumba inayozimwa taa chumba baada ya chumba, na dawa ya kuziwasha tena hakuna. Alichoshauri ni kwamba asiondolewe kwenye mambo aliyoyazoea. Mtu wa namna hiyo, alisema, kazi ya mikono yake ndiyo ya mwisho kumtoka.

Neno hilo Mama Manyoya alilishika kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Aliona kwa macho yake kwamba ni kweli. Nyumbani mumewe alipotea kati ya chumba na choo. Kibandani alisimama wima mbele ya matenga, na kila shingo iliyopita tunduni ilikuwa na mkato mmoja, safi. Nyumbani alikuwa mgonjwa. Kibandani alikuwa Bismillahi. Kumtoa pale ni kumzima kwa mkono.

Kilichobaki ni ile sauti. Basi akabuni njia. Kila aliposikia kuku akitolewa tengani, aligonga ndoo kwa kijiko cha chuma, mara moja, ngo. Na mumewe, upande wa pili wa bati, kama mtu aliyeguswa bega, alitoa sauti yake nene. Hawakuliongea jambo hili. Mume hakuuliza ndoo inagongwa kwa nini. Muuza mayai ndiye aliyeuliza.

"Mama Manyoya, ndoo ya watu imekukosea nini?"

"Inavuja."

"Basi ungeiziba. Ukiipiga hivyo itaacha kuvuja au itaanza kulia?"

Alicheka naye.

Haikumtosha. Alikwenda kwa sheikh wa msikiti wa sokoni, ambaye baada ya sala ya alasiri alikuwa akiuza kandambili kwenye kijiduka ubavuni mwa msikiti. Alimkuta akizipanga jozi jozi. Akamuuliza hukumu ya mchinjaji aliyesahau kutaja jina la Mungu. Sheikh hakuinua kichwa. Alisema aliyesahau kasamehewa, Mwislamu jina la Mola wake limo moyoni hata ulimi ukiteleza, na nyama yake italiwa. Maneno, alisema, yako kwa anayeacha makusudi.

Mama Manyoya alishusha pumzi. Sheikh ndipo akamtazama.

"Kwani kuna nini, mama?"

"Hakuna. Jirani yangu aliniuliza."

Akaondoka. Njia nzima alikuwa akilirudia jibu lile, kasamehewa, kasamehewa, na huku akijua kwamba ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili, ile ya mtu ambaye hakusahau neno tu bali anaanza kusahau anafanya nini, aliiacha imefungwa kooni. Hakuiuliza kwa sababu aliliogopa jibu lake. Na kila alipogonga ndoo ile, nusu hiyo ilimkwaruza.

Hivyo walifanya kazi msimu mzima wa mvua na joto likaingia.

Siku yenyewe ilianza vizuri, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Gari la kuku lilichelewa, likakaa juani njiani, na matenga yaliposhushwa yale ya chini yalikuwa na vibudu vingi kuliko kawaida. Mama Manyoya alivitoa mwenyewe, akavifunga miguu kwa kamba nyekundu kimoja kimoja, akavitia guniani mlangoni, akanawa mikono, akaenda nyuma kuchochea moto. Mpishi wa madrasa alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa mama mnene mwenye haraka, anayepikia watoto wa bweni, na siku hiyo alitaka kuku wengi kwa sababu kulikuwa na wageni. Alikaa kwenye kigoda nje akipiga soga na muuza mayai, ndoo zake zimepangwa miguuni.

Kazi ikaanza. Na sauti ya Bismillahi siku hiyo, sijui niseme nini, ilitoka kama zamani. Mama Manyoya aliinua kijiko kugonga ndoo, na kabla hajagonga, sauti imetoka. Kuku wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Aliweka kijiko chini. Alisikia muuza mayai akimwambia mpishi kwamba leo mzee kala nini, soko zima linasikia. Machozi yalimlengalenga Mama Manyoya, na mikono yake ikawa myepesi. Alinyonyoa, akapasua, akaosha, akajaza ndoo ya kwanza, na mpishi akaipakiza kwenye mkokoteni ikatangulia madrasa. Ndoo ya pili ikaanza kujaa. Sauti ilitoka, kuku alipita, sauti ilitoka, kuku alipita.

Ndipo akapokea kuku wa baridi.

Alimshika na kumgeuza. Shingo ilikuwa imekatwa, tena imekatwa vizuri, mkato mmoja, na ndani yake hapakuwa na damu, palikuwa pakavu. Miguu ilikuwa imekakamaa. Na miguuni ilikuwako kamba nyekundu, fundo lake yeye mwenyewe.

Alibaki hivyo, kuku mkononi, na hapo ndipo masikio yake yalipomwambia jambo ambalo yalikuwa yamelisikia tangu kitambo na yeye hakulisikiliza. Mbawa. Sauti ilikuwa ikitoka, na mbawa zilikuwa hazipigi bati. Miezi yote ile alikuwa ametega sikio kwa sauti tu, akiililia, akiigongea ndoo, mpaka akasahau kwamba kuku hai hupapatika. Siku sauti ilipokamilika, yeye alifurahi, na furaha ikamziba masikio.

Alitazama beseni. Sasa aliwaona. Ngozi nyekundu iliyoiva kama michubuko, damu imebaki ndani. Huyu. Na huyu. Na huyu pengine, pengine siye, maji ya moto yalikuwa yamewafananisha wote.

Akazunguka mbele. Gunia la mlangoni lilikuwa tupu. Sakafuni, karibu na miguu ya mumewe, kamba nyekundu zilikuwa zimelala, zimefunguliwa kwa uangalifu mafundo yake, moja moja, jinsi yeye mume alivyokuwa akifanya kila jambo. Kwenye tenga la mwisho kuku hai walikuwa wamebaki, wanamtazama kwa jicho la upande.

"Baba," alimwambia kwa sauti ya chini, "waliokuwa kwenye gunia wako wapi?"

"Nimewachinja."

"Wale walikuwa wamekufa."

Mumewe alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza jambo la kitoto.

"Mimi sichinji waliokufa, mama."

Kulikuwa na nafasi. Mama Manyoya aliiona wazi, pana kama mlango. Angeweza kumwambia mpishi kwamba kuku wa leo ni wagonjwa, aje kesho. Angeweza kuwamwaga wote shimoni na hakuna ambaye angejua. Angemfungia mumewe ndani siku mbili tatu, wakarudi, akawa anavipeleka vibudu shimoni mwenyewe bila kuviacha mlangoni, akaendelea kugonga ndoo. Yote hayo yalimpita kichwani kwa kupepesa jicho. Lakini ndoo ya kwanza ilikuwa imekwisha kuondoka, iko njiani inakwenda kwa watoto wa watu, na ndoo hairudishwi kwa kunyamaza.

Alitoka nje na mikono yake imelowa.

"Rudisha ile ndoo," alimwambia mpishi.

"Ndoo ipi?"

"Iliyotangulia. Mpigie simu huyo wa mkokoteni, asiifikishe. Kuna kibudu ndani."

Mpishi alicheka, akidhani ni utani wa muuza mayai umehamia kwake. Halafu akauona uso wake. Alisimama polepole, kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Kibudu cha nani? Hapa? Kwa Bismillahi?"

Mama Manyoya alisema ndiyo. Alisema mzee anaumwa, tena si kidogo, hatambui tena. Alisema wote, waliomo ndooni na waliomo kwenye beseni, wasiliwe. Alidhani atakuwa amemaliza. Lakini mpishi alikuwa mtu wa kufikiri haraka, na kabla hata hajapiga simu alimkazia macho.

"Tangu lini?"

Mama Manyoya alizitazama ndoo zilizobaki.

"Nakuuliza, mwenzangu. Tangu lini hatambui? Maana mimi nimewalisha watoto wa watu kuku wa hapa mwaka mzima, nikiapa kwa jina lake."

Watu walikwisha kuanza kusogea. Muuza mayai, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuwa na la kusema, ila aliitazama ile ndoo iliyochubuka rangi kwa kugongwa, kisha akamtazama Mama Manyoya, na alielewa. Aligeuka akaanza kupanga mayai yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Mpishi akapiga simu, mkokoteni ukageuzwa kabla haujafika madrasa, na sheikh akaitwa. Alikuja na watu nyuma yake, naye hakupenda kuja nao. Alimsalimu Bismillahi kwa heshima, kama alivyomsalimu siku zote, akamuuliza hali, naye akaitikia vizuri. Akamwomba amchinjie kuku mmoja. Muuza nguo wa mbele alizima redio yake.

Bismillahi alinyooka. Alipitisha ubapa wa kisu kwenye nguo, akatoa sauti yake, na naam, ilikuwa sauti ile ile waliyoizoea tangu kibanda kifunguliwe, nene, ya kukokota mwishoni, ikapanda juu ya mabati yote ya soko. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si huyo? Mzima kabisa." Na Mama Manyoya, aliyejua anachokijua, hata yeye kwa pumzi moja alitamani awe amekosea.

Kisha mzee akainama mezani, akamwinua kuku aliyekuwa amelala pale, aliyechinjwa tayari, shingo i wazi, akamtafuta mshipa kwa kidole gumba, na akamchinja tena. Alimtia kwenye faneli akasubiri atoke damu. Alisubiri kwa subira. Aliwageukia watu na kutabasamu, kama mwenye nyumba anayeomba radhi kwamba chai imechelewa.

Hakuna aliyecheka. Mpishi wa madrasa ndiye aliyelia.

Sheikh alimshika mkono, akakitoa kisu vidoleni taratibu, akamketisha. Akazungumza na watu kwa ufupi. Alisema mzoga ni haramu, hapo hapana mjadala, na kutajiwa jina la Mungu hakumfufui. Alisema mtu aliyepotewa na akili dhambi haandikiwi, lakini machinjo yake wanachuoni wengi hawayakubali, na yeye hawezi kuwalisha watu kwa shaka. Kilichomo ndooni kifukiwe. Na waliokula siku za nyuma wasijitese, kwa sababu aliyekula bila kujua hana kosa.

Watu walipumua. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka. Mama Manyoya alibaki amesimama na mikono yake iliyolowa. Bila kujua, sheikh alikuwa amesema. Alisubiri aseme pia juu ya aliyejua. Sheikh alimwangalia, na ilionekana alimkumbuka yule jirani aliyeuliza swali. Kisha akaenda zake. Mama Manyoya angependelea atukanwe.

Matusi hayakuchelewa, ila hayakutoka kwa sheikh. Kuna waliosema alijua akanyamaza kwa tamaa. Kuna waliosema mume hana kitu, mke ndiye mwenye kichaa. Bibi mmoja ambaye alinunua kwao tangu ujana alipita mbele ya nyumba yao akatema mate chini, si kwa chuki, bali kama mtu aliyekumbuka kitu kilichokuwa mdomoni mwake. Kibanda kilichukuliwa na mchinjaji mwingine, kijana wa kunong'ona. Alibomoa bati la katikati ili mteja aone kila kitu.

Muuza mayai alikuja mara moja nyumbani, na trei ya mayai.

"Haya hayana haja ya kuchinjwa," alisema mlangoni, na alijaribu kucheka.

Mayai yale ndiyo yaliyomlisha mzee kwa muda. Kwa sababu, akili yake yote ilivyozimika chumba baada ya chumba, taa moja ilibaki inawaka. Hakujua saa. Hakujua binti yake. Lakini sahani ya nyama ikiwekwa mbele yake, mkono ulisita.

"Nani kachinja?"

Binti alimjibu kwamba ni wa sokoni. Mzee aliuliza nani wa sokoni. Binti akataja yule kijana. Mzee akasema hamjui, na akaisukuma sahani. Walijaribu kumwambia sheikh kamthibitisha. Walijaribu kuisaga nyama ndani ya mchuzi, akaigundua kwa ulimi, akaitema mkononi, akawatazama kwa hofu, kama mtu aliye nyumbani kwa maadui. Tangu hapo hata mchuzi wa mboga aliushuku. Mashavu yakaingia ndani. Suruali zikafungwa kwa kamba. Daktari alisema apewe nyama, apewe supu, na binti akamwambia mama yake waziwazi: mdanganye, mwambie umechinja wewe baba, ale.

Mama Manyoya alikataa. Binti alikasirika, akauliza faida ya ukweli ni ipi kwa mtu ambaye kesho hatakumbuka. Mama alijua tu kwamba amekwisha kumficha mtu huyu nyuma ya bati mara moja, na watu wakala. Hawezi kumlisha yeye pia namna hiyo.

Alinunua kuku hai, tetea, akamfunga uani. Alikwenda kwa sheikh, na safari hii aliuliza swali zima. Sheikh alisema mwanamke achinje, halina tatizo, awe tu na akili yake na atambue anachofanya. Akaongeza kwamba na lile lingine, atubu, mlango uko wazi. Alilisema huku akimfungia mteja kandambili.

Basi asubuhi akanoa kisu nyuma ya choo, kuku asikione. Alikuwa amenyonyoa kuku maisha yake yote na hakuwahi kumuua hata mmoja. Binti alimshikia mbawa, uso ameugeuzia ukutani. Mama Manyoya alitafuta mshipa kwa kidole gumba kama alivyoona siku ile mbele ya watu, akahisi moyo mdogo unavyokwenda mbio chini ya kidole, akaogopa, na akataja. Alidhani atanong'ona. Sauti iliyomtoka ilifika kwa majirani.

Ndani, kwenye kitanda chake, mzee aliitikia, "Allahu Akbar."

Tetea alipapatika. Mama Manyoya alimshika kwa mikono miwili, akazisikiliza mbawa zile mpaka zikatulia.

Alipika supu. Akamletea, akamketisha kwa mito, akaweka bakuli. Mkono wa mzee ukasita.

"Nani kachinja?"

"Mimi."

Alimtazama. Alimtazama sana, kwa adabu, akitafuta.

"Wewe ni nani, mama?"

Binti alitoka chumbani. Mama Manyoya alikoroga supu.

"Mke wa mchinjaji. Wa sokoni, kule kwenye kuku. Wanamwita Bismillahi."

Uso wa mzee ulilegea. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la jamaa yake wa mbali.

"Huyo namjua," alisema. "Huyo namsikia kila siku. Kwake kunaliwa."

Akafungua mdomo. Mama Manyoya alichambua nyama kwenye mfupa, akaipuliza ipoe, akamlisha. Mzee alitafuna polepole, macho kayafumba. Katikati ya kutafuna alifumbua akauliza yule bwana hajambo, mbona siku hizi haisikii sauti yake.

"Anaumwa," alimwambia.

"Mpe salamu zangu."

Alimwambia zimefika, akamfuta kidevu, na akachukua kipande kingine.